Fedha za utafiti zifike hadi kwenye tanuru la fundi

Ndugu Mhariri,

Hapa Katanga, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, neno la Kifaransa "recherche", linalomaanisha utafiti na pia utafutaji, linatuchanganya, na kuchanganyikiwa huko kuna gharama. Katika Kanuni ya Madini, permis de recherches ni kibali cha kutafuta madini: kutoboa mashimo, kuchukua sampuli, kuchora ramani ya mwamba. Kampuni ikitangaza kwamba imetumia mamilioni ya dola kwa recherche, mara nyingi fedha hizo zimekwenda kwenye mitambo ya kutoboa, dizeli na mahema. Kazi hiyo ni halali na inahitajika, lakini siyo utafiti ambao wachumi wanauhesabu wanaposema kwamba nchi inayotafiti inakua. Mwongozo wa Frascati, unaotumika duniani kuhesabu utafiti, uliopewa jina la mji wa Italia ambako wataalamu wa takwimu wa OECD, shirika la nchi tajiri, walikutana mwaka 1963, unautoa utafutaji wa kawaida wa madini nje ya hesabu, isipokuwa pale ambapo njia mpya ya kupima inabuniwa. Ili kazi ihesabiwe kuwa utafiti ni lazima ilenge jambo jipya, itokane na ubunifu, matokeo yake yasijulikane mapema, ifanywe kwa mpango na bajeti, na mtu mwingine aweze kuirudia.

Tumeanza hapo kwa sababu vijana wengi wa Lubumbashi wanauliza swali la haki kabisa: kama fedha za utafiti zinaleta ajira, mbona mamilioni yote ya recherche hayakuwapa kazi? Jibu la kwanza ni kwamba yalikuwa mamilioni ya kutafuta mwamba. Jibu la pili ni refu zaidi, nalo ndilo lililotufanya tuandike.

Kwamba maarifa mapya hukuza uchumi si jambo la kubishaniwa tena. Mwaka 1957 mchumi Robert Solow alichukua takwimu za Marekani za miaka 1909 hadi 1949, akajiuliza kwa nini kile ambacho mfanyakazi mmoja alizalisha kwa saa moja kilikuwa kimeongezeka maradufu. Mashine na majengo yaliyoongezwa yalieleza kama sehemu moja tu kati ya nane. Sehemu saba zilizobaki zilitokana na kujua kufanya kazi vizuri zaidi. Baadaye, mwaka 2013, Nicholas Bloom, Mark Schankerman na John Van Reenen walionyesha kwa makampuni ya Marekani kwamba faida ya utafiti kwa jamii nzima ni angalau mara mbili ya faida anayoipata mwenyewe aliyeulipia. Majirani hujifunza bila kulipa. Ndiyo maana hakuna nchi iliyoachia kazi hii makampuni peke yake.

Lakini yupo pia Edwin Goñi na mwenzake William Maloney, waliochapisha mwaka 2017 utafiti ambao kila mbunge wetu angepaswa kuusoma. Walikuta kwamba katika nchi maskini sana faida ya utafiti hushuka, ingawa mtu angetegemea kinyume, kwa kuwa aliye nyuma ana mengi zaidi ya kujifunza. Hushuka kwa sababu vitu vinavyoambatana na utafiti havipo: umeme wa uhakika, mafundi waliosomea, benki inayokopesha karakana, mnunuzi anayekubali kujaribu. Ukiweka dola moja kwenye maabara isiyo na vitu hivyo, unapata ripoti, na ripoti haiajiri mtu.

Kwa hiyo hatutaki kugombana juu ya asilimia. Tangu Mpango wa Lagos wa mwaka 1980, mpango wa maendeleo ya bara letu, viongozi wa Afrika wamekuwa wakiahidi kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa sayansi, na nchi nyingi za bara hili hazijafika hata nusu yake. Ahadi hiyo itimizwe. Ila hata ikitimizwa kesho, swali la Lubumbashi litabaki pale pale: fedha zitatua wapi?

Utafiti una hatua tatu. Ya kwanza ni kutafuta kujua, ya pili ni kutafuta suluhisho la shida fulani, ya tatu ni uendelezaji, yaani kulichukua suluhisho hilo na kulijaribu kwa ukubwa wa kweli mpaka lifanye kazi kila siku bila mwanasayansi kusimama pembeni. Chuo chetu kikuu kina watu wa hatua mbili za mwanzo. Hatua ya tatu karibu haina mwenyewe, na hiyo ndiyo inayoajiri.

Ajira nazo hazifanani. Rupert Harrison na wenzake walipima makampuni ya Ufaransa, Ujerumani, Hispania na Uingereza, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2014, yanaeleweka kwa urahisi: kampuni ikibuni bidhaa mpya, ajira huongezeka, ikibuni njia mpya ya kutengeneza bidhaa ile ile, kazi ile ile huhitaji watu wachache, ingawa mauzo yakikua hasara hiyo huweza kufidiwa. Sisi tunaoishi kati ya viwanda vya shaba tunapaswa kulishika hilo vizuri, kwa sababu utafiti mwingi unaofanyika kwenye viwanda vyetu ni wa aina ya pili.

Chukua kobalti. Katika mwamba wetu kobalti nyingi iko kwenye heterojenaiti, jiwe jeusi ambalo asidi ya salfuriki peke yake hailiyeyushi vizuri. Ni lazima iongezwe dawa ya kuipunguzia oksijeni, na viwanda vingi hutumia metabisulfiti ya sodiamu, unga mweupe unaoagizwa kutoka nje na kuletwa kwa malori. Kwa hesabu ya kemia tupu, kila kilo 1 ya kobalti inahitaji kama kilo 0.8 za unga huo. Kiwandani hutumika zaidi. Ukimwagwa wote kwenye tangi la kwanza, sehemu yake hutoka kama gesi yenye harufu kali inayowakaba wafanyakazi. Sehemu nyingine huliwa na hewa inayopulizwa ndani, nyingine na manganizi. Kiwanda kinachotoa tani 10,000 za kobalti kwa mwaka kinahitaji karibu tani 8,000 za unga, na kila asilimia 10 inayopotea ni tani 800, sawa na malori 27 ya tani 30. Kugawa dawa hiyo kwenye matangi matatu au manne, na kupima uwezo wa umeme wa tope kila saa badala ya kukisia, kunaweza kupunguza hasara hiyo. Ni utafiti mzuri. Unaokoa fedha za kigeni na mapafu ya watu. Lakini hauongezi mfanyakazi hata mmoja, na anayeufanya akisema utaleta ajira mia anawadanganya wananchi.

Sasa tazama upande wa pili, kwenye pampu. Kila kiwanda cha shaba kina pampu nyingi zinazosukuma tope la mchanga, usiku na mchana. Ndani ya kila moja linazunguka gurudumu la chuma ambalo mchanga hulila kama msasa. Likiisha hubadilishwa, na jipya hutoka mbali kwa bei ya huko pamoja na usafiri. Hapa mjini karakana za kusubu chuma zipo, mafundi wa kalibu za mchanga wapo, vyuma chakavu vipo. Kwa nini magurudumu hayatengenezwi hapa?

Yanatengenezwa, ila huvunjika. Chuma kinachofaa kwa tope kali la mchanga ni chuma cheupe chenye kromiamu asilimia 27 hivi na kaboni kati ya 2.5 na 3. Kaboni ikishuka chini ya hapo, gurudumu huliwa haraka. Ikivuka 3, vipande vikubwa vya kabaidi, yaani kaboni iliyoungana na kromiamu, huota ndani na gurudumu huwa kama kioo: jiwe dogo likipita, linapasuka. Mlango wa kupita ni mwembamba hivyo. Tanuru la kubiloti linalotumia makaa ya koki haliwezi kuupita, kwa sababu chuma hunywa kaboni kutoka kwenye koki yenyewe na kromiamu huungua. Panahitajika tanuru la umeme la induksheni. Na hata mwenye tanuru hilo, akiyeyusha vyuma chakavu asivyojua vina nini, anasubu kwa kubahatisha.

Makosa mengine huja baadaye. Mchanga wa kalibu ukiwa na maji mengi, mvuke huacha matundu ndani ya chuma ambayo jicho halioni. Chuma hiki hunywea sana kinapoganda, kwa hiyo kichwa cha kulishia, yaani akiba ya chuma cha maji inayojaza pengo, kikiwa kidogo, katikati ya gurudumu hubaki pango. Fundi mwenye haraka akivunja kalibu kabla haijapoa, gurudumu linapata ufa hapo hapo. Kisha kuna kukikaza: kipashwe moto polepole mpaka nyuzi kati ya 950 na 1,050 za Selsiasi, kikae saa kadhaa kulingana na unene, kipozwe kwa upepo wa feni, kamwe si kwa maji, halafu kirudishwe kwenye nyuzi 200 hadi 250 ili kitulie. Matundu ya boliti na sehemu za kuchonga zimalizwe kabla ya kukaza, maana baada ya hapo ugumu unavuka 600 kwa kipimo cha Brinell na mashine ya tornio haikigusi tena. Na kama pampu inabeba asidi kali kuliko mchanga, chuma hiki si chake kabisa. Panahitajika chuma cha pua cha aina ya dupleksi. Karakana nyingi zimepoteza jina kwa kupeleka chuma sahihi kwenye pampu isiyo sahihi.

Hakuna siri katika hayo yote. Yanajulikana duniani kwa miaka mingi. Lakini kujulikana kule hakumaanishi kujulikana hapa, kwa mchanga wetu, kwa vyuma chakavu vyetu, kwa umeme wetu. Wesley Cohen na Daniel Levinthal waliandika mwaka 1989 kwamba utafiti una nyuso mbili: unabuni jambo jipya, na pia unamwezesha anayeufanya kuelewa yale ambayo wengine wameshabuni. Asiyejaribu chochote hawezi hata kuiga. Kwa karakana ya Kampemba au Ruashi, hapa Lubumbashi, uso huo wa pili ndio muhimu.

Hebu tuhesabu kazi yenyewe, ili asiwepo wa kusema tunaomba fedha hewani. Karakana iyeyushe mara tano, kila mara kwa mchanganyiko ulioandikwa, kila mara ikisubu gurudumu pamoja na vipande vitatu vya kupimia. Kila kipande kipimwe kwa spektrometa ya kuona elementi za chuma, kipimwe ugumu, kikatwe na kutazamwa kwa hadubini. Mchanganyiko utakaoshinda usubiwe magurudumu sita. Kiwanda kimoja cha shaba kikubali kuyafunga kwenye pampu mbili zinazofanana, pembeni ya pampu mbili zenye magurudumu ya kigeni, yakipita tope lile lile. Gurudumu lipimwe uzito kabla na baada, saa zihesabiwe, jaribio lirudiwe mara tatu. Miezi minane mpaka mwaka mmoja. Mwishoni karakana inashika karatasi yenye namba, na mnunuzi wa kiwanda ana kitu cha kuweka mezani mbele ya mkuu wake.

Karatasi hiyo ndiyo bidhaa. Leo mwenye karakana anapokwenda kuomba oda, anaulizwa cheti cha mchanganyiko wa chuma, naye hana, kwa sababu spektrometa haipo au iko kwa mteja mwenyewe. Sheria ya ukandarasi ya tarehe 8 Februari 2017 inawapa Wakongomani haki ya kwanza ya kandarasi ndogo ndogo, na tunaiunga mkono kwa moyo wote. Ila sheria humpa mtu kandarasi tu. Chuma kisichovunjika haiwezi kumpa. Asiye na namba anaishia kuagiza gurudumu la kigeni, kulibandika bei yake na kulipeleka kiwandani, na ajira inabaki ng'ambo.

Kwa nini karakana isilipe yenyewe? Kwanza, pampu ikisimama wakati wa jaribio, hasara ya kiwanda kwa siku moja inaweza kuzidi mtaji wote wa karakana, kwa hiyo kiwanda kinakataa. Lazima pawe na mfuko unaodhamini hasara hiyo. Pili, karakana ya kwanza ikishalipia majaribio yote matano, ya jirani itajua jibu kwa kumwajiri fundi wake mmoja. Kwa jamii hilo ni jambo jema sana, kwani ndivyo mtaa mzima unavyojifunza. Kwa aliyelipa ni hasara, naye analijua hilo mapema, kwa hiyo halipi. Hapa ndipo fedha ya umma ina kazi yake halisi. Na ajira zinazofuata ni za watu tunaowaona kila siku: seremala wa modeli, wapiga kalibu, wenye tornio, wakusanyaji wa vyuma chakavu, dereva wa mkokoteni wa mchanga.

Fedha yenyewe ipo, na njia yake imeandikwa kwenye sheria. Tuchukue kiwanda cha mfano kinachouza tani 100,000 za shaba kwa mwaka kwa dola 9,000 kila tani. Mauzo ni dola milioni 900. Mrabaha wa shaba, yaani malipo ya mgodi kwa serikali kwa madini yanayouzwa, ni asilimia 3.5, sawa na dola milioni 31.5. Kwa Kanuni ya Madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, nusu ya mrabaha huenda serikali kuu, asilimia 25 jimboni, asilimia 15 kwa sekta, sheferi au mji ulipo mgodi, na asilimia 10 kwa Mfuko wa Madini kwa Vizazi Vijavyo. Kwa hiyo kutoka kiwanda hicho kimoja jimbo linapata dola 7,875,000, na mfuko wa vizazi vijavyo dola 3,150,000. Juu yake kuna asilimia 0.3 ya mauzo kwa miradi ya maendeleo ya jamii: dola 2,700,000. Jimbo likitenga asilimia 2 tu ya sehemu yake ya mrabaha kwa uendelezaji, kiwanda kimoja kinatoa dola 157,500 kila mwaka. Haut-Katanga na Lualaba zina viwanda vingi vya shaba na kobalti, na mrabaha wa kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati, ni asilimia 10.

Tunapoomba hivyo tunajua jinsi fedha za maabara zinavyopotea, na si lazima ziibiwe ndipo zipotee. Hupotea kwenye mashine inayonunuliwa bila mafuta yake. Mfano ni chombo cha plazma cha kupima metali kwenye maji. Ni chombo kizuri, kila mfadhili hupenda kupigwa picha nacho. Kinakunywa gesi ya agoni lita 15 hadi 20 kila dakika, kwa hiyo chupa kubwa ya mita za ujazo 10 inaisha ndani ya saa 8 hadi 11. Umeme ukikatika mara moja, moto wa plazma unazimika; lazima kipashwe tena nusu saa hivi na vipimo visawazishwe upya, gesi ikiendelea kwenda. Agoni ikichelewa mpakani Kasumbalesa, chombo kinafunikwa kitambaa. Kwa shaba na kobalti za kila siku, chombo cha kunyonya mwanga kinachowashwa kwa asetilini na hewa kinatosha, ni cha bei nafuu, na fundi wa hapa anaweza kukifungua na kukirudisha. Tunasema wazi: maabara ya jimbo isinunue chombo chochote ambacho gesi, taa na vipuri vyake vya miaka mitatu havijalipiwa ndani ya mkataba ule ule.

Kwa maoni yetu katika kila franka 100 za mfuko, mashine zisizidi 35. Franka 25 ziwe za vitendanishi, yaani kemikali za maabara, vipuri, betri za kukinga umeme na gesi. Franka 30 ziwe mishahara na posho za wanafunzi. Franka 10 zinazobaki ziende kwenye ithibati ya kimataifa ya maabara, ile ya ISO/IEC 17025, kwa sababu bila ithibati kipimo cha Lubumbashi hakikubaliki kwa mnunuzi, na sampuli zitaendelea kutumwa Afrika Kusini.

Mfuko usijazwe kwa mkupuo mmoja pia. Austan Goolsbee alionyesha mwaka 1998 kwamba serikali ya Marekani ilipoongeza fedha za utafiti ghafla, sehemu kubwa iliishia kwenye mishahara mikubwa zaidi ya wanasayansi wale wale, kwa kuwa mwanasayansi mpya haandaliwi kwa mwaka mmoja. Hapa kwetu itakuwa mbaya zaidi, maana wahandisi wa metali ni wachache na migodi inawagombania. Kila mradi ubebe wanafunzi wawili wa chuo kikuu na mafundi wawili wa INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya ufundi, na fedha zipande kadiri watu wanavyoongezeka.

Kilimo tutakisemea kwa ufupi, ingawa kinastahili barua yake. Jimbo linalokula bukari asubuhi na jioni linategemea unga na mahindi kutoka Zambia. Kituo cha INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kule Kipopo kipo jirani kabisa na mji. Majaribio ya mbegu hayahitaji maajabu: aina nane, marudio manne, mistari ya sentimita 75 na mashimo ya sentimita 25, karibu mimea 53,000 kwa hekta, chokaa ya Kakontwe kwenye nusu ya viwanja ili kujua udongo wetu wenye asidi unalipa kiasi gani, na misimu mitatu mfululizo. Kinachoyaua ni kalenda. Mvua zetu huanza Novemba na msimu ni mmoja tu kwa mwaka, wakati bajeti huanza Januari na fedha hutoka Machi au baadaye. Fedha ikifika Machi, mahindi ya jirani yanakaribia kukauka shambani. Mwaka umepotea, na mshahara wa mwaka umelipwa. Fedha za utafiti wa mashamba zitolewe Septemba, basi.

Wanaosema nchi ya shaba haiwezi kitu kingine watazame Chile. Mwaka 1976 serikali ya huko na kampuni ya Marekani ya ITT walianzisha Fundación Chile. Miaka ya 1980 shirika hilo lilijaribu ufugaji wa samaki aina ya salmoni: lilianzisha kampuni yake, likafuga kwa ukubwa wa biashara halisi mbele ya macho ya watu, kisha mwaka 1988 likaiuza kwa Wajapani. Wakati huo wafugaji wengine walikuwa wameshaingia. Leo Chile ni ya pili duniani kwa salmoni wa kufugwa, nyuma ya Norwei, na samaki huyo si wa asili ya mito yao. Magonjwa na uchafuzi vimewatesa pia, hilo tusilifiche. Lakini walichofanya ni ile hatua ya tatu: hawakuishia kwenye ripoti, walifuga.

Ipo hoja kwamba tungoje betri. Ni kweli kwamba uchambuzi wa BloombergNEF, kampuni ya utafiti wa soko la nishati, wa mwaka 2021 ulikadiria kiwanda cha tani 10,000 za viambato vya betri kujengwa Kongo kwa dola milioni 39, dhidi ya milioni 117 Marekani, na mwaka 2022 kituo cha utafiti wa betri kilizinduliwa hapa chuoni kwa ushirikiano na Zambia. Kituo hicho kisaidiwe. Ila wakati tunangoja, wakemia wa China waliboresha betri za chuma na fosfeti zisizo na kobalti hata gramu moja, na mwaka 2024 zilikuwa zimefika karibu nusu ya betri za magari ya umeme duniani. Tarehe 22 Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, na Oktoba mwaka huo ikaweka viwango vya kila kampuni. Kobalti kuzidi sokoni ndiko kulikoiangusha bei, na utafiti wa watu wengine ulipunguza haja ya kobalti yenyewe. Nchi isiyotafiti haikwepi matokeo ya utafiti. Inayapokea tu bila kuwa na neno.

Hata kile kilima cheusi cha mabaki ya tanuru, terili yetu, kinasema hivyo hivyo. Jamanimu (germanium), metali adimu iliyomo, ilitoka kwenye mwamba wa Kipushi, ikapita kwenye tanuru bila kutafutwa. Leo inatafutwa kwa nyaya za mwanga na kamera za kuona gizani. Kiwanda kipya kinaitoa hapa, na mwaka 2024 shehena ya kwanza ya makinikia yake ilisafirishwa kwenda Ubelgiji kusafishwa. Kutoka makinikia hadi metali safi ni hatua ambazo wahandisi wa Lubumbashi wanaweza kujifunza, mradi mkataba useme ni wangapi watakwenda kuzisomea, lini, na watarudi kufanya kazi wapi.

Kwa Bunge la Jimbo tunaomba amri yenye mambo manne, kabla ya kikao cha bajeti cha Septemba. Asilimia 2 ya sehemu ya jimbo ya mrabaha iwekwe kwenye akaunti ya peke yake kwa miaka 7, isiguswe kwa barabara wala magari. Wenye karakana na wakulima wapate nusu ya viti vya kamati inayochagua miradi. Kila kiwanda cha madini kitaje pampu, ukanda au tangi moja ambako bidhaa ya hapa itajaribiwa. Na kila jaribio, hasa lililoshindwa, lichapishwe kwa Kiswahili na Kifaransa ndani ya miezi mitatu, pamoja na michanganyiko, nyuzi za moto na saa.

Cha kwanza kununuliwa kiwe spektrometa ya chuma na kipimo cha ugumu, viwekwe mahali ambapo fundi wa Ruashi anaweza kufika kwa basi akiwa na kipande chake mfukoni, na aondoke na karatasi siku hiyo hiyo.

Wahandisi watatu wa metali na mchumi mmoja,
Lubumbashi